Misale ya Kale Yenye Jalada la Ngozi ya Ndama

Hatimaye nimepata kitabu nilichokitamani kwa muda mrefu: Misale (kitabu cha sala za Misa ya Kikatoliki) ya Kilatini ya karne ya 17, iliyochapwa Antwerp, mji ulioko Ubelgiji ya leo, katika kiwanda cha Plantin-Moretus, ambacho tangu enzi za Mfalme Philip II kilipeleka Hispania maelfu ya vitabu vya ibada vilivyofuata marekebisho ya Papa Pius V. Jalada lake ni ngozi ya ndama iliyolowekwa kwenye chokaa, ikakwanguliwa na kukaushwa ikiwa imewambwa, bila kutiwa magome kama ngozi ya viatu; ndiyo maana imebaki ngumu, nyeupe iliyoelekea manjano, na hujikunja hewa ikikauka mno. Ndani, sala zimechapwa kwa wino mweusi na maelekezo ya padri kwa wino mwekundu, na kurasa za Kanuni ya Misa, yaani sala kuu ya Misa, ndizo zilizochakaa zaidi pembeni, kwa kuwa zilifunuliwa kila siku. Wauzaji wengine huyafuta majalada haya kwa maji ili yang'ae, jambo linaloniumiza sana, kwani ngozi hii hunyonya unyevu upesi na kupinda. Mimi hutumia brashi laini tu.