Siku Moja Maishani Mwangu: Jumapili Kwenye Karai la Mihogo, Coco Beach

Ukimuuliza mkazi wa Dar es Salaam ni wapi anapenda kwenda kula huku akipunga upepo, Coco Beach haikosi kutajwa, na ikitajwa Coco Beach, mihogo ya kukaanga hutajwa pumzi hiyohiyo. Sahani wanaijua: mihogo ya moto, kachumbari, chachandu, na pembeni dafu lililokatwa wakati huohuo. Anayesimama nyuma ya karai hawamjui sana. Nimewahi kuambiwa kwamba hii ni kazi ya mtu aliyekosa kazi, kwamba kinachohitajika ni mizizi na mafuta tu. Kwa hiyo nimeamua kuandika siku yangu moja, tena siku ya Jumapili, ambayo kwetu ndiyo yenye watu wengi kuliko zote.

Saa kumi alfajiri ninakuwa nimeshafika soko la jumla, magari ya mihogo yakiwa yanaanza kushusha. Mihogo tunayokula Dar es Salaam hutoka zaidi mashamba ya Mkoa wa Pwani, Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo, na safari yake ni fupi kwa sababu ni lazima iwe fupi. Mhogo ukishang'olewa hauvumilii. Ndani ya siku mbili au tatu huanza kuwa na michirizi myeusi yenye rangi ya bluu kwa ndani, na hata ukiukaanga kwa ustadi wote ladha yake imekwishaondoka. Ndiyo maana sinunui gunia kwa kuliangalia kwa nje. Naomba nivunje mmoja, na mhogo mzuri hukatika kwa mlio, mweupe pee, ukiwa na utomvu kidogo; kisha natafuna kipande kibichi, kwa sababu mhogo mchungu una sumu na hautakiwi kufika kwenye karai la mtu anayekaanga tu. Wauzaji wengine hukasirika wakiona mihogo yao inavunjwa, lakini wanaonifahamu hunivunjia wenyewe kabla sijafungua kinywa.

Kufikia saa moja asubuhi nimesharudi nyumbani na kazi ya kumenya imeanza, kazi ambayo mlaji haioni kamwe, na kwa maoni yangu hapo ndipo sahani nzuri na sahani mbaya zinapotengana. Tunamenya watatu: mimi, mama mdogo, na mtoto wa kaka yangu ambaye hunisaidia siku za mwisho wa wiki. Mhogo una maganda mawili, la nje la kahawia na la ndani lililo nene na lenye rangi ya waridi kwa mbali. Anayekwangua la nje pekee ili kuokoa muda huliacha lile lenye uchungu mwingi zaidi. Sisi tunachana kwa kisu kutoka juu hadi chini, kisha tunaingiza kidole gumba na kuyabandua yote mawili kwa pamoja. Baada ya hapo tunaukata mhogo kwa urefu, tunauondoa ule uzi mgumu wa katikati, tunaosha, na kuchemsha vipande kwa maji ya chumvi hadi viive nusu. Kipande kilichoivishwa hivyo kikiingia kwenye mafuta kinakauka nje na kubaki laini ndani. Wakati sufuria ziko jikoni, mimi napika chachandu: nyanya, karoti, vitunguu saumu, ukwaju na pilipili mbuzi, ichemke taratibu mpaka iwe nzito. Ninayo ya aina mbili, moja ya watoto na nyingine ya wanaojiamini.

Saa sita mchana tuko ufukweni, tumeshusha kila kitu kwenye bajaji. Kwa saa mbili za mwanzo ni kupanga viti, kuwasha mkaa, kukata kachumbari na kusimamisha bati la kuzuia upepo. Wakati wa kusi upepo hupuliza kutoka baharini bila kupumzika. Hula mkaa haraka, huyumbisha moto, na usipouziba vizuri hukuletea mchanga kwenye chakula. Meza yangu nimeiweka kwa namna ambayo karai liko nyuma ya bati na mgongo wangu uko upande wa maji. Watu huniambia nina bahati ya kufanya kazi huku nikitazama bahari, lakini kuanzia mchana hadi usiku ninachokitazama ni mafuta.

Kuanzia saa tisa familia zinaanza kuingia, na ikifika saa kumi na moja ufukwe umejaa. Wapo waliotembea kwa miguu kutoka kituo cha daladala wakiwa na watoto watano na chupa ya maji, na wapo walioegesha magari makubwa kando ya Barabara ya Toure. Wote wanakaa kwenye viti vilevile vya plastiki na kula mihogo ileile. Katika jiji ambalo Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3, sehemu ambazo mwenye shilingi elfu mbili na mwenye milioni mbili wanasubiri chakula kimoja kwa zamu moja ni chache sana, na najivunia kwamba ya kwangu ni mojawapo.

Katikati ya msongamano huo alikuja kaka mmoja, amevaa vizuri, simu mbili mkononi, akaagiza sahani kumi.

"Dada, naomba uniletee pale kwenye gari. Nina wageni, wasisubiri sana."

Nilimweleza kwa heshima kwamba karai langu hubeba sahani tano kwa mara moja, na kwamba mbele yake kuna watu wanne. Nikimwaga mihogo mingi kwa pamoja mafuta hupoa, na mafuta yakipoa mhogo unayanywa badala ya kukaangika; ukiula utajaa mafuta mdomoni. Alisema ameelewa, akaondoka, akarudi baada ya dakika chache kuuliza kama tayari. Alirudi tena. Aliporudi mara nyingine alisimama pembeni ya karai na kuanza kuninyooshea kidole vipande anavyovitaka, wakati mama mmoja aliyekuwa amesubiri muda mrefu na mtoto mgongoni anatutazama sote wawili. Nilimhudumia yule mama kwanza. Kaka yule hakufurahi.

Sahani zake kumi zilipokamilika, kijana wangu alizipeleka garini kwa awamu, akarudi bila fedha. "Shangazi, anasema ameshatuma kwenye simu." Niliangalia simu yangu, hakuna ujumbe. Nilisubiri, kwa sababu Jumapili jioni mtandao huelemewa na ujumbe huchelewa. Nikaendelea kukaanga, nikiangalia simu kila nilipopata nafasi ya kufuta mikono, na foleni ikiongezeka. Mwishowe nilimwachia kijana karai, jambo ambalo sipendi kulifanya watu wakiwa wengi, nikatembea hadi kwenye gari.

"Kaka, samahani, ujumbe haujaingia kwangu."

"Mimi nimeshatuma, dada. Unataka kusema mimi ni mwongo mbele ya wageni wangu?"

Nilimwomba anisomee namba aliyotumia, akakataa kunionyesha simu yake. Mmoja wa wageni akasema kwa sauti kwamba wafanyabiashara wa ufukweni ndivyo walivyo, hudai mara mbili. Nilisimama pale nikiwa na aproni yenye mafuta, nimeamka tangu usiku, nikinyamaza kwa sababu nikijibu, watu wote walioketi karibu watakumbuka kelele na si mihogo. Ndipo mzee wa madafu, jirani yangu, alipokuja akiwa ameshika simu mkono mmoja na panga mkono mwingine. "Mama, kuna shilingi elfu ishirini zimeingia kwangu, na mimi sijauza dafu hata moja kwa muda huu. Ni za nani?" Kaka yule alikuwa amesoma namba kwenye kibao cha jirani. Mzee akanihesabia noti palepale. "Basi, yameisha," akasema yule kaka, akapandisha kioo.

Kwangu hayakuisha upesi hivyo. Fedha nilizipata zote, lakini niliporudi nilikuta sinia moja ya vipande vilivyoiva kupita kiasi, watu watatu wameondoka kwenye foleni, na mimi mwenyewe mikono inatetemeka. Vile vipande sikuviuza. Kwenye meza yangu mteja hapewi mhogo ulioungua, awe ni nani.

Saa za baada ya hapo siwezi kuzitenganisha vizuri. Jua lilizama upande wa barabara, si baharini, maana ufukwe wetu umeelekea mashariki, taa zikawashwa, muziki ukapanda, watoto wakalia usingizi. Nilikaanga, niliongeza mkaa, nilikata ndimu, nilikaanga tena. Mgongo ulianza kuuma kabla ya saa mbili, na miguu nikaacha kuisikiliza. Mzee mmoja aliyekuja na mkewe alinipungia mkono kutoka mbali, akionyesha sahani tupu, na hilo lilinitosha kwa robo saa nyingine.

Ilipofika saa nne usiku watu wamepungua, wanakuja walinzi wa majumba ya Oysterbay kabla au baada ya lindo zao. Hao ndio wateja wangu wa kudumu, wa Jumatatu na wa siku za mvua pia, wakati hakuna gari hata moja barabarani. Huwatengea vipande vizuri mapema, na huvikaanga wakifika ili wavile vya moto. Mmoja wao hutaka chachandu ya wanaojiamini, na hupenda kusimama kula huku akinisimulia habari za nyumbani kwao Lindi.

Saa tano tunachuja mafuta, na yaliyokwisha kuwa meusi tunayatenga, hayarudi kwenye karai. Kijana anasugua sinia kwa mchanga na sabuni, mimi nahesabu mauzo na kutenga fedha ya gunia, ya mkaa na ya mafuta kabla ya kugusa faida, kisha tunamlipa mwenye bajaji. Kesho ni Jumatatu, wateja ni wachache. Nusu gunia linatosha, kwa hiyo naweza kulala hadi saa kumi na moja.