Jioni ya Battle Royale huko Ibaraki

Nilipokuwa nasoma Japani, katika mkoa wa Ibaraki, mzee mmoja aliyekuwa akitufundisha Kijapani kwa kujitolea alitualika nyumbani kwake kutazama Battle Royale, filamu ya Kinji Fukasaku iliyotoka mwaka 2000. Nilichojua ni sifa yake mbaya tu: wabunge waliilaani, na walio chini ya miaka 15 walizuiwa kuitazama.

Hadithi yenyewe inaanza na nchi iliyoporomoka, ukosefu wa ajira umefika asilimia 15, wanafunzi 800,000 wamegoma kwenda shule, na watu wazima, kwa kuwaogopa vijana, wamepitisha sheria ya kulipeleka darasa moja kisiwani, wanafunzi 42 waliofungwa shingoni kola zinazolipuka, wauane kwa siku tatu hadi abaki mmoja. Kanuni zinaelezwa kwenye video na msichana mchangamfu, anayetabasamu na kurusha mikono kama mtangazaji wa kipindi cha watoto. Baadhi yetu tulicheka. Mzee alisimamisha filamu.

Alitueleza kwamba Fukasaku alizaliwa Mito, mkoa huohuo, mwaka 1930, na kwamba Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vinakwisha alikuwa kijana wa miaka 15 katika kiwanda cha silaha kilichopigwa mizinga kutoka baharini, ambako wenzake walijikinga kwa miili ya wenzao, kisha yeye na walionusurika wakaamriwa kuziondoa maiti. Tangu hapo hakuwaamini tena watu wazima waliomlea. "Na sauti ya huyo msichana naijua," mzee aliongeza. "Walimu wetu walitusifia kifo kwa furaha hiyohiyo."

Tulipoendelea, niliitazama kwa macho mengine. Wanaodai kwamba filamu hii inawachochea vijana wameziona silaha, hawakumwona anayezigawa.

Tulibishana juu ya mwalimu anayesimamia mauaji hayo, aliyeigizwa na Takeshi Kitano: mtu aliyechomwa kisu na mwanafunzi, anayedharauliwa na binti yake kwenye simu, na ambaye amechora picha ya darasa lake likiwa limekufa, isipokuwa msichana mmoja. Mimi nilimwonea huruma, na hadi leo namwonea. Mzee alikataa katakata, akasema kwamba mwalimu aliyekubali kusoma majina ya wanafunzi wake waliokufa kwenye kipaza sauti, kila baada ya saa sita, hana haki ya kudai heshima yao.