Watoto wangu siwatoi

Leo nimechoka jamani, na sio usingizi, maana hawa mapacha nikimnyonyesha mmoja mwingine anaamka, hilo nishalizoea. Nimechoka maneno. Shangazi kaja tena na zile fomu zake za kuwatoa wanangu waasiliwe, yaani wawe watoto wa watu wengine kisheria, anaongea kwa upole kabisa, mwanangu wewe bado binti, hujaolewa, baba yao kaingia mitini, kuna watu wana uwezo wao na wanahangaikia mtoto, wape wakulelee nawe uanze upya. Huo upole ndo unanitesa kuliko matusi ya mama, mama najua pa kumjibu.

Kilichonimaliza ni eti nikishindwa kuwatoa wote basi nitoe hata mmoja. Nikamuuliza, yupi? Akajifanya anatafuta simu kwenye pochi.

Siku hizi usiku nikinyonyesha nasoma, simu mkono mmoja. Kumbe Mkataba wa Hague wa 1993, ule wa watoto wanaoasiliwa nchi nyingine, unataka mama akubali baada ya kujifungua, sio kabla, tena kwa hiari yake bila kushawishiwa na hela. Mimi fomu zimeanza kuletwa tumbo likiwa bado! Hata miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 inasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa mzazi, familia isaidiwe. Na Australia, waziri mkuu Julia Gillard aliomba radhi mwaka 2013 kwa niaba ya serikali, kwa wamama waliolazimishwa kutoa watoto wao, wengi hawakuwa na ndoa. Hapo nililia, manake nao waliambiwa ni kwa faida ya mtoto.

Sisemi anayemtoa mwanae kakosea, mtu akiamua mwenyewe kwa akili zake ni haki yake. Mimi sijaamua hivyo. Na kama kweli shida ni hela na uchovu, mbona kwenye vikao vyao vyote hakuna hata mmoja aliyesema tumchangie pampasi?

Fomu nimemrudishia hivyohivyo, nikamwambia shangazi ukija tena njoo unishikie mmoja nioge. Kasonya, kaondoka. Mdogo wangu ndo kawabeba jioni, anawaogopa kama mayai lakini anajitahidi. Bosi nae kakubali nirudi kazini nusu siku, mengine tutajua hukohuko.