Mstari wa tope: nilivyofanikiwa kuendesha studio ya pamoja Dodoma

Nafundisha mipango miji katika chuo kimoja hapa Dodoma, na kwa miaka miwili nimeendesha somo la vitendo linalowakutanisha wanafunzi wa mipango miji, upimaji ardhi, uhandisi wa maji na sosholojia. Wenzangu wanaoniuliza siri yake hawajui kwamba mwaka wa kwanza niliaibika.

Ushauri niliopewa kwenye semina ulikuwa mwepesi: changanya wanafunzi kwenye makundi, ushirikiano utakuja wenyewe. Haukuja. Waligawana kazi kama watu wanaogawana nyama, kila mmoja akaenda kupika kwake, na usiku wa kuamkia uwasilishaji wakabana kurasa kwa stepla. Mtaa tuliouchorea mpango, upande wa Nkuhungu hapa Dodoma, una korongo ambalo hukauka sehemu kubwa ya mwaka na kufurika katika mvua za Desemba hadi Aprili. Wanafunzi wa mipango walilichukulia kama mto, wakapima mita 60 kila upande kwa kufuata Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, wakapaka rangi ya kijani, yaani eneo lisilojengwa. Wahandisi wakapitisha mfereji katikati ya shule iliyochorwa na wenzao. Wanasosholojia, mwishoni kabisa mwa ripoti, walieleza kwa ufasaha maisha ya familia zinazoishi ndani ya kijani kile. Mwenyekiti wa mtaa, niliyemwalika kwa mbwembwe, aliutazama mchoro kisha akauliza kwa upole, "Mwalimu, sisi mmetuhamishia wapi?"

Mwaka uliofuata kila kundi lilipata ramani moja na alama moja ya ufaulu kwa wote. (Kuwashawishi wakuu wa idara kulinimalizia muhula, na sitaki kukumbuka.) Tena nikakataza mtu yeyote kufanya kazi ya fani yake kwa siku tatu za kwanza uwandani: wapimaji wahoji kaya, wanasosholojia wapime miinuko.

Nani angewaazima vifaa vya kupimia watu wasiojua kuvitumia? Nilinunua mpira mwangavu wa mita ishirini hivi, ule ambao waashi huujaza maji ili kusawazisha msingi, kwa shilingi elfu chache tu. Binti mmoja wa sosholojia alishika ncha moja ukingoni mwa korongo, mwenzake akashika ya pili mlangoni kwa bibi mmoja. Kwa hesabu yao, maji ya korongo yalikuwa yakipanda mlima! Bibi alicheka hadi akakaa chini, kisha akawaambia, "Wajukuu zangu, toeni kwanza mapovu." Alikuwa amemwona fundi wake akifanya hivyo.

Wakati huo mpimaji, aliyekuwa akisoma maswali ya dodoso kwa sauti ya karani wa sensa, alimuuliza maji yalifika wapi. Bibi hakujibu kwa maneno. Aliweka kiganja ukutani, chini kidogo ya dirisha, penye ufito wa tope lililokauka. Kijana akasahau katazo langu, akauomba mpira. Hadi jioni walikuwa wanahama ukuta kwa ukuta, wakilinganisha kimo cha tope kwenye nyumba kumi na mbili, huku mhandisi akishika kalamu na mwanasosholojia akibisha hodi.

Hapo ndipo ramani ilipozungumza. Nyumba nyingine iliyo hatua chache kutoka korongoni haikuwahi kulowa, na nyingine iliyo mbali zaidi ya mita 60 ilikuwa na tope magotini. Mstari wa sheria hawakuufuta, bali waliuchorea pembeni mstari wa tope, wakabishana hadi usiku wapi pa kuweka shule. Ni heri kwenda mara mvua zikikatika, kabla watu hawajapaka kuta rangi upya. Na kalamu asikabidhiwe mwanafunzi wa mipango, hairudi.

Safari hii mwenyekiti aliitafuta nyumba yake kwenye ramani, akaiona, akaanza kuwasahihisha njia za miguu. Mpira ulibaki kwa bibi, aliyesema fundi wake anauhitaji, nimenunua mwingine.