Taa ya breki ya piki ya mzee imerudi

Wiki mbili zilizopita nilikuwa natoka Malaba narudi Tororo, giza linaingia, na ile barabara jioni mnaijua, malori yamefuatana hayaachi nafasi. Nikapunguza mwendo nikate kushoto kuingia kwetu, mara nasikia breki za upepo zinalia nyuma yangu na honi juu yake. Trela ilisimama karibu kabisa. Dereva akatoa kichwa dirishani akaniuliza kitu kimoja tu, "Ndugu, taa yako ya breki iko wapi?" Sikuwa na jibu, maana alikuwa na haki.

Piki ni Honda CG125, ameniachia marehemu baba. Aina hii ilianza kutoka 1976, injini haina cheni ya ndani, valvu zinasukumwa na vijiti, ndio sababu zinadumu hivi. Ya kwangu ni ya zile za zamani za volti 6. Nimeipenda tangu nikiwa mtoto nakaa mbele juu ya tangi, lakini taa ya breki sijawahi kuiona ikiwaka hata siku moja, na nimeiendesha hivyo hivyo miaka yote. Usiku ule sikulala vizuri.

Jumamosi nikafungua kava ya pembeni. Waya mbili, moja nyeusi, nyingine ya kijani yenye mstari wa njano, zimekatwa na kufungwa na kipande cha kaveera, mfuko wa plastiki. Swichi ya taa ya breki hakuna, imebaki ile tundu yake tu kwenye fremu, juu ya pedali ya breki. Kwa Honda hiyo nyeusi ndio inaleta moto, yaani umeme, ukishawasha ufunguo, na hiyo kijani-njano ndio inaupeleka kwenye balbu, kwa hiyo kabla ya kununua chochote zigusanishe kwanza uone. Nikagusanisha. Balbu ikatoa wekundu kidogo tu, kama kaa linalotaka kuzima.

Hapa ndio watu wengi wanalaumu swichi bure. Balbu ya wati 21 kwenye volti 6 inakula ampea 3 na nusu, ingekuwa volti 12 isingefika hata 2, sasa moto wote huo ukikutana na kutu kidogo tu unaishia njiani. Nikafungua kioo cha taa ya nyuma nikakuta kikombe cha balbu kimeota ule ukungu wa kijani, na ethi, ile waya ya kurudisha umeme kwenye chuma cha piki, imefungwa juu ya rangi ya madigadi. Nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikafunga upya, nikagusanisha tena, ikawaka mpaka nikafumba macho!

Swichi nilipata sokoni, ya piki za siku hizi, bei haifiki ya rolex tatu, zile chapati za mayai. Niliogopa kwa sababu ya volti lakini swichi yenyewe haina habari ya volti, kazi yake ni kufunga na kufungua njia. Fundi mmoja mzee pale aliniona nayo mkononi akaniuliza, "Breki umeshaiset?" Nikamwambia bado mzee wangu. "Basi anza na breki, kijana wangu. Swichi mwisho."

Na ni kweli kabisa. Nati ya kule nyuma kwenye fimbo ya breki, ile inayotoka kwenye pedali, ndio inaamua pedali ishuke kiasi gani kabla ya breki kushika, sentimita 2 mpaka 3 ndio sawa. Ukifunga swichi kwanza alafu ukaja kukaza breki, breki itashika mapema na taa itachelewa, na aliye nyuma anatakiwa aone taa kabla wewe hujaanza kusimama.

Kwa hiyo breki kwanza, alafu nikachomeka swichi kwenye tundu, nikashika mwili wake kwa vidole vya mkono mmoja na nati ya plastiki nikaizungusha kwa mwingine. Nati ndio inazunguka, mwili hapana! Mwili ukizunguka waya zinajisokota zinakatikia ndani na hutajua. Nati ikipandisha swichi juu, springi inayoiunganisha na pedali inavutwa mapema, taa inawahi, lakini ukizidisha taa itawaka muda wote na betri ndogo kama hii itakwisha hata hujafika. Waya nikachoma solda, nikafunga tepu, nikazipitisha mbali na bomba la moshi.

Binti yangu alisimama nyuma, mimi nakanyaga kwa mkono, polepole. "Bado... bado... imewaka baba!" Nikazungusha nati nusu mzunguko tena. "Imewaka!" Nikaachia. "Imezima." Tulirudia hivyo mpaka mama yake akatuita chakula mara ya tatu, ukuta wa nyumba unakuwa mwekundu, unakuwa mweusi.

Jumatatu jioni nilipita njia ile ile, trela nyuma yangu. Nikagusa pedali mapema, kidogo tu, na nikaona kwenye kioo taa zake zinabaki mbali.