Betri haikuwa na kosa: nilivyomsaka mnyonya umeme kwenye gari-nyumba langu

Betri ya tatu ndiyo iliyonitoa machozi. Ya kwanza ilipokufa nilisema imezeeka. Ya pili nikasema nimeuziwa mbovu. Ya tatu ilikuwa mpya, nimeibeba mwenyewe kutoka dukani, nikaichaji usiku kucha mpaka ikasoma volti 12.7, gari likakaa limeegeshwa bila mtu kulala ndani, na asubuhi ya nne ikasoma 11.9. Pampu ya maji inaguna tu, maji hayatoki.

Kila niliyemuuliza alikuwa na jibu. Fundi mmoja hata kifuniko cha betri hakukifungua: "Mzee, hii ndogo, weka kubwa zaidi." Mwingine akasema niongeze paneli ya sola. Yaani ndoo imetoboka, ushauri ni uchote mara nyingi zaidi! Wa tatu, huyu alijiamini kweli, akaniambia nizime swichi kuu kila ninapoondoka. Nilikuwa naizima tangu siku ya kwanza. Nilikuja kugundua baadaye kwamba waya kadhaa kwenye gari hili hazipiti kabisa kwenye hiyo swichi.

Basi nikanunua mita ya mkononi ya kupimia umeme, ile ya bei ya kawaida tu. Betri moja ya maana ningeiacha dukani ningepata mita za kugawia ukoo mzima. Nikafunika paneli kwa blanketi, nikafungua waya wa hasi, nikaiweka mita katikati, nikasubiri kama nusu saa ili vile vidude vyote vitulie. Ikasoma ampea 0.68. Zidisha mara saa 24: zaidi ya ampea-saa 16 kwa siku. Betri yangu ni ya ampea-saa 100, na hizi za madini ya risasi ukizishusha chini ya nusu unaziua, kwa hiyo siku tatu tu tumefika pabaya. Hesabu ilikubali. Nikajiona fundi.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu mkubwa. Gari hili lina ngazi ya umeme mlangoni. Ukifungua mlango inatoka yenyewe. Mita iko kwenye betri, mimi naenda ndani kuchomoa fyuzi, nikafungua mlango. Ngazi ikatoka kama upana wa kiganja, ikasimama. Sikujali, nikairuka. Nikachomoa fyuzi ya redio, nikarudi nje kusoma mita.

0.00.

Nilipiga kelele mpaka mke wangu akatoka akidhani nimepigwa shoti. "Ni redio! Mwizi ni redio!" Nikaitoa redio yote, mchana mzima, nikakata kidole kwenye ile fremu ya bati. Nilipourudisha waya wa betri, ngazi ikamalizia kutoka kwa kishindo, nami nikacheka, nikaona kama inanipongeza. Siku ya nne betri chali.

Nikaweka mita tena: 0.00 vilevile. Safari hii jioni ilikuwa imeingia, nikawasha taa ya jikoni nione vizuri. Haikuwaka. Taa zote hazikuwaka. Nikasimama gizani na mita yangu ya sifuri mkononi, polepole nikaelewa. Ngazi ile inavuta umeme mwingi kuliko ampea 10 za mita, na kifyuzi cha ndani ya mita kilikuwa kimeungua tangu mlango ulipofunguka. Sikuwa nimemkamata mwizi yeyote, nilikuwa nimewakatia umeme wote. Redio ya watu haikuwa na hatia.

Sasa ujanja ambao hakuna fundi aliyenipa. Kabla ya kuondoa waya wa hasi, funga waya mwingine mnene kutoka kichwa cha betri hadi kwenye ule waya wa hasi, halafu mita uiweke sambamba nao. Fungua milango, ngazi itoke, washa na kuzima unachotaka. Mzigo wote unapita kwenye waya mnene. Kila kitu kikitulia ndipo unauondoa, na mita inabaki peke yake. Mlango uache wazi, usiuguse tena. Mimi niliufunga kwa kamba, maana nilikuwa simwamini mtu, hata mimi mwenyewe.

Nikaweka kifyuzi kipya kwenye mita, mke wangu akakaa nje na tochi anasoma namba, mimi ndani nachomoa fyuzi moja moja. "Sita nane." Narudisha. "Sita nane." Narudisha. "Sita nane, na mbu wananimaliza." Fyuzi ya tano: "Moja nane!"

Fyuzi ya friji. Friji limezimwa! Nililizima mwenyewe, mlango uko wazi, ndani hamna kitu. Nikamwambia asome tena. Akasoma tena, kwa sauti ambayo haikuhitaji tafsiri. Nikairudisha fyuzi, nikakaa pale mbele ya friji kama dakika kumi, nikaanza kulipapasa kama daktari. Kile kipande cha chuma kati ya mlango wa juu na wa chini kilikuwa na uvuguvugu. Kumbe ndani yake mna waya wa kupasha joto ili fremu isitoe jasho hewa ikiwa na unyevu, na una kiswichi chake, kidogo, pembeni kabisa, kisichojali kama friji limewashwa au la. Nusu ampea, usiku na mchana, kukausha jasho la friji tupu.

Kwenye ile 0.18 iliyobaki, 0.10 ilikuwa kikuza mawimbi cha antena ya televisheni, chenye kitaa chekundu nyuma ya kabati. Nikakizima. 0.08 ni king'ora cha gesi na hicho sikukigusa. Huyo ni mlinzi, acha ale mshahara wake.

Wiki tatu sasa gari limekaa, betri inasoma 12.3 na paneli bado imefunikwa kwa makusudi. Ile betri ya pili niliyoitukana niliichaji taratibu na inashika vizuri tu. Redio nimeirudisha, ila nadhani nimebadilisha waya wa manjano na mwekundu, maana kila nikizima gari inasahau stesheni zote.