Maktaba yetu Newala haina bando, na mambo yanakwenda

Niseme ukweli, nilipotaka kuanzisha maktaba ya kompyuta shuleni, ushauri niliopewa ulinichosha. Kila niliyemuuliza alikuwa na jibu moja: "Mwalimu, bila intaneti hakuna TEHAMA." Mwingine akanitajia projekta, mwingine akaniambia nisubiri mfadhili. Wafadhili nawajua, huwa wanakuja na jezi.

Nilichokuwa nacho ni chumba cha maktaba cha sekondari yetu, laptopu moja kuukuu, na walimu wenzangu wenye vile vishikwambi vya sensa ya 2022 walivyogawiwa na serikali. Vingi kazi yake ilikuwa kuangalia mpira.

Kumbe kuna programu ya bure inayoitwa Kiwix. Unashusha faili mara moja mahali penye mtandao, halafu unasoma Wikipedia huko uliko hata kama mnara umezimika. Kuiweka hakuna maneno, inajieleza yenyewe. Kazi ya kushusha nilikwenda kuifanyia kwa shemeji yangu Mtwara mjini, pale Shangani, analipia intaneti kwa mwezi. Nilimpelekea korosho za kubangua, akaniachia sebule usiku kucha. Nikashusha Wikipedia ya Kiswahili, ambayo ni faili dogo tu, PhET, yaani majaribio ya sayansi unayoyafanya kwenye kioo cha kompyuta, yanayotengenezwa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, na ile Wikipedia ya Kiingereza iliyofupishwa, yenye utangulizi wa kila makala. Hiyo ya mwisho inazidi GB 10.

Hapo ndipo sinema ilipoanza. Laptopu ile ni ya shule, haitoki, kwa hiyo mzigo ulitakiwa usafiri kwa memori kadi. Kadi mpya, GB 32, tupu kabisa. Faili la GB 10 likagoma kuingia: eti kubwa mno. Fundi simu mmoja akaitazama kadi kama daktari: "Mwalimu, umepigwa. Hii imeandikwa 32 lakini ndani ni 4." Nikanunua nyingine duka jingine, elfu ishirini na kitu ikaenda. Ikagoma vilevile. Fundi akacheka: "Wote wananunua kwa mtu mmoja hao!" Akanishauri ninunue diski ya nje, ambayo kwa bahati nzuri anauza yeye.

Basi nikamfanyia mtihani. Nikakusanya video fupifupi za harusi ya mdogo wake shemeji, nikazimimina kwenye ile kadi "feki". GB 5 zikaingia. GB 10. GB 20, na zote zinafunguka, bibi harusi anaonekana vizuri tu. Kadi ni nzima! Tatizo ni kwamba ilikuwa imefomatiwa, yaani imeandaliwa kupokea mafaili, kwa mfumo wa FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja linalofika GB 4, hata nafasi iwe kubwa namna gani. Nikaifomati upya kwa exFAT, mfumo usio na kikomo hicho, na faili likateleza ndani. Fundi nilimwonyesha. Akasema alikuwa anajua.

Shuleni mambo yakawa mepesi. Kiwix ya kwenye laptopu ina sehemu ya kuigeuza kuwa seva, yaani laptopu inagawia vifaa vingine maktaba iliyomo. Nikachukua rauta ya zamani, haina laini wala bando, inarusha waifai tu. Kishikwambi kinajiunga, unaandika namba za anwani ya ile seva kwenye kivinjari, maktaba inafunguka. Ila zima data kwanza, maana kikiona waifai haina intaneti kinakimbilia bando la mwenyewe, na Madam wa Jiografia hatakusamehe. Umeme ukikatika, rauta naiwasha kwa pawabenki. Kuna waya unaopandisha volti 5 kuwa 12, bei yake haizidi sahani mbili za chipsi.

Wanafunzi simu hawaruhusiwi, kwa hiyo kipindi cha fizikia natembeza kofia kuomba vishikwambi vya wenzangu, wanafunzi wanakaa wanne wanne. Siku ya saketi, tukiwa kwenye majaribio ya PhET, binti mmoja wa kidato cha pili akaunga waya moja kwa moja kwenye ncha mbili za betri, bila balbu. Kioo kikaonyesha moto unawaka. "Mwalimu, tumeunguza!" Darasa zima likataka kuunguza. Shoti niliyokuwa naieleza ubaoni miaka yote, siku hiyo walielezana wenyewe.

Mkuu wa shule hofu yake ilikuwa hakimiliki, hasa nilipoanza kuchapa hadithi za Kiswahili za African Storybook, mradi wa hadithi za watoto za bure mtandaoni, kwa ajili ya shule ya msingi jirani. Nikamwonyesha leseni ya Creative Commons nyuma ya hadithi: nakili, gawa, ila mtaje mwandishi. Penye herufi NC, usiuze. Akaisoma mara mbili, akaidhinisha rimu ya karatasi. Msichanganye lakini: kitabu kuwa cha bure kusoma mtandaoni hakukupi ruhusa ya kukitoa kopi.

Walimu wa Tandahimba na Masasi mnaotaka haya mafaili, karibuni. Njooni na kadi zenu, na mzifomati kabisa kwa exFAT kabla hamjapanda gari.